Maswali ya Wasomaji: Nyonga Bandia na Vitu Vinavyoiunda

SWALI: Shikamoo Daktari. Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 31 na anaishi na ugonjwa wa selimundu. Kichwa cha fupa la paja lake la kushoto kimekufa na kubomoka kwa kukosa damu, na daktari bingwa wa mifupa ameshauri abadilishwe nyonga. Tumepewa bei tatu: kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya plastiki, kichwa cha seramiki (aina ya kauri ngumu) ndani ya plastiki, na seramiki ndani ya seramiki, ambayo ni ghali kuliko zote. Familia iko tayari kuuza shamba ili apate hiyo ya tatu. Je, tunafanya sawa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na umfikishie mdogo wako pole zangu. Shamba msiliuze. Kwa kijana wa umri wake, kichwa cha seramiki kinachozunguka ndani ya plastiki ya kisasa ni chaguo zuri sana, na fedha zikipungua, kichwa cha chuma ndani ya plastiki hiyohiyo bado ni tiba ya kuaminika. Katika bei mlizopewa sioni popote palipotajwa aina ya plastiki yenyewe, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kuuliza kabla ya mengine yote.

Nyonga bandia ina shina linaloingizwa ndani ya fupa la paja, kichwa cha mviringo kinachokaa juu ya shina hilo, na kikombe kinachoshikizwa kwenye mfupa wa nyonga kikiwa na bitana ndani yake. Vinavyosuguana kila mtu anapopiga hatua ni kichwa na bitana. Daktari John Charnley, aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, alianza kwa kutumia Teflon mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini ilisagika haraka mno; mwaka 1962 akageukia aina ngumu ya plastiki ya polietilini, na tangu hapo upasuaji huu ukaenea duniani. Hata hivyo, plastiki hiyo nayo ililika kwa takribani milimita 0.1 kwa mwaka. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, ila chembe zinazotoka humo, nyingi zikiwa ndogo kuliko elfu moja ya milimita, humezwa na seli za kinga ambazo haziwezi kuziyeyusha, na seli hizo hutoa kemikali zinazochochea mwili kuula mfupa wake wenyewe. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa zamani walirudi hospitalini baada ya miaka 15 au 20 nyonga zikiwa zimelegea, ilhali hakuna kipande hata kimoja kilichovunjika.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kutumika plastiki iliyopigwa mionzi mikali ili minyororo ya molekuli zake ishikamane, kisha ikapashwa moto ili isiharibiwe na oksijeni kadiri miaka inavyopita; baadhi ya aina zilizofuata huongezwa vitamini E kwa kusudi hilohilo. Plastiki hii hulika kidogo sana ikilinganishwa na ile ya kwanza, na daftari la kitaifa la vipandikizi la Australia, lililoanzishwa mwaka 1999, limeonyesha kwamba wagonjwa waliowekewa aina hii hurudiwa upasuaji mara chache zaidi. Muulizeni daktari waziwazi kama bitana atakayotumia ni ya plastiki iliyoshikamanishwa kwa mionzi, na mwombe jibu hilo liandikwe kwenye makadirio ya gharama.

Kichwa cha seramiki kina faida mbili juu ya kile cha chuma: uso wake ni laini na haukwaruziki kwa urahisi, tena hupunguza ule uozo wa kikemikali unaoweza kutokea mahali ambapo kichwa cha aloi (mchanganyiko wa metali) ya kobalti na kromi hukutana na shingo ya shina. Kwa mtu anayetarajia kuitumia nyonga hiyo kwa miaka 40 au zaidi, faida hizo zina uzito, nami ningelipia tofauti hiyo kama inawezekana.

Seramiki ndani ya seramiki, iliyoanzishwa na daktari Pierre Boutin nchini Ufaransa mwaka 1970, ndiyo inayolika kidogo kuliko zote, na sikatai kwamba ni nzuri. Lakini inadai kikombe kiwekwe kwa pembe sahihi kabisa, wagonjwa wengine huisikia ikilia wanapotembea au kuinama, na ikivunjika, jambo ambalo ni nadra kwa seramiki za leo, vipande vyake vikali hubaki katika nyama hata baada ya kusafishwa. Kichwa cha chuma kikiwekwa badala yake, vipande hivyo hukisaga kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo hospitali lazima iwe na uwezo wa kupata kichwa kingine cha seramiki upesi.

Msisitize pia ukubwa unaolingana na mwili wake. Kichwa cha milimita 36 hakitenguki kwa urahisi kama cha 28, ila katika kikombe kidogo hulazimisha bitana kuwa nyembamba, na plastiki iliyopigwa mionzi ikiwa nyembamba mno huweza kupasuka ukingoni.

Fedha mtakazookoa zielekezeni kwenye maandalizi. Mgonjwa wa selimundu huhitaji daktari wa damu awe karibu, damu salama iwe tayari, apewe maji ya kutosha, asipate baridi, na alindwe dhidi ya maambukizi. Mara nyingi mfupa wake wa paja huwa mgumu na uwazi wake wa ndani umeziba, kwa hiyo mtafuteni mpasuaji ambaye amekwisha kuwahudumia wagonjwa kama yeye.

SWALI: Mama yangu anaishi Uingereza, na mwaka 2008 aliwekewa huko nyonga ya chuma ndani ya chuma. Hasikii maumivu yoyote. Sasa ameitwa kupimwa damu, naye anaona ni usumbufu kwa kuwa anajiandaa kurudi Mombasa moja kwa moja. Je, kuna ulazima?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndiyo, na ni afadhali aende kabla ya kusafiri. Nyonga za aina hiyo hutoa kobalti na kromi ambazo huingia katika damu na, kwa baadhi ya watu, huharibu misuli na kuleta uvimbe usio wa saratani kuzunguka kiungo. Uvimbe huo unaweza kukua bila maumivu. Mwaka 2010 mamlaka ya vifaa tiba ya Uingereza ilitoa tahadhari, na kiwango cha mikrogramu 7 kwa lita ya damu ndicho kilichowekwa kuwa cha kuwafanya madaktari wachunguze zaidi. Nyonga zenye shina na kichwa kikubwa cha chuma ndizo zilizoleta matatizo mengi zaidi.

Aombe nakala ya majibu ya damu, picha zake, na karatasi ya upasuaji inayoonyesha jina na namba ya kipandikizi, kwa sababu daktari atakayemhudumia Mombasa atahitaji kulinganisha vipimo vipya na hivyo. Akipata maumivu ya kinena, uvimbe, au mabadiliko ya kusikia, kuona au mapigo ya moyo, amwone daktari mapema na amtajie nyonga hiyo hata kama hakuulizwa.