Kabla hujanunua kinoo cha pili

Kinoo changu cha kwanza cha maji nilikinunua kwa tamaa ya namba. Nilikuwa nimesikia kwamba namba ikiwa kubwa chembe zinakuwa laini zaidi na makali yanatoka matamu, basi nikaagiza cha 8000, hicho hicho tu. Nikachukua patasi butu kama kijiko, nikaisugua jioni nzima. Iling'aa mpaka nikayaona meno yangu. Kukata, haikukata.

Jiwe halikuwa na kosa. 8000 hung'arisha makali ambayo tayari yapo, na makali yenyewe huletwa na 1000. Mwenye hela ya kinoo kimoja anunue cha 1000, akae nacho miezi, ndipo aongeze cha 6000 hivi. Mawe yenye chembe kubwa zaidi, ya 220 au 400, ni ya patasi iliyomeguka. Hiyo mimi huianzia kwenye mashine, polepole, nikiichovya majini kila mara, kwa sababu chuma cha patasi kikishageuka buluu kwa joto, ugumu wake umekwenda na hakuna kinoo cha kuurudisha.

Mawe yenye namba ileile nayo hayafanani tabia. King ya 1000, chapa ya Japani, inakunywa maji: unailoweka dakika 10 hadi 15, mpaka mapovu yakome. Ni laini, inatoa tope haraka, na tope hilo linasaidia kula chuma, kwa hiyo usiwe unalisuuza kila dakika kama unaosha vyombo. Shapton za kauri hazitaki kulowekwa, unazinyunyizia tu na kuanza kazi. Hizo huchelewa kuchimbika, ila mfukoni zinauma.

Sasa kuchimbika ndiko kunakowashinda wengi, na kulinishinda mimi mwaka mzima. Kinoo laini kinabonyea katikati bila wewe kuona. Ukinoa juu ya bonde, kisu cha randa kinatoka na tumbo, na mgongo wa patasi, ambao ulipaswa kuwa bapa kabisa, unaviringika. Ukishaviringika patasi haitulii tena kwenye ukuta wa tundu unalochonga, inakwenda inakotaka. Nilibadilisha patasi mbili nikizilaumu, kumbe jiwe.

Dawa yake ni ya bei poa. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, omba kipande cha kioo kinene, kipana kuliko kinoo chako. Weka juu yake msasa wa maji wa 220, mwagia maji ushike vizuri. Chora uso wa kinoo kwa penseli, mistari ya kukatizana, kisha sugua kwenye msasa. Pembeni zitafutika kwanza na katikati mistari itabaki. Hapo ndipo utakapoliona bonde lako kwa macho. Endelea mpaka penseli yote iishe. Lainisha kingo za jiwe kidogo zisimeguke, na suuza sana, kwani punje moja ya msasa ikibaki itakuchorea patasi. Mimi hufanya hivi kila nikishanoa zana mbili tatu, na ni kazi ya dakika chache. Ukingoja mwezi, utasugua mpaka bega liume.

Anayefanya kazi na mvule atanielewa haraka. Ule mti una mawe ndani yake, madonge magumu ya chokaa yaliyojificha kwenye nyuzi, na patasi ikigonga moja, unarudi kwenye kinoo kabla chai haijapoa.

Kupima makali, acha mtindo wa kunyoa nywele za mkono. Chukua kipande cha paini na ukate kichwani, kwenye nyuzi zilizosimama. Paini ni laini, na patasi isiyo kali inazivunja nyuzi na kuacha uso wa vumbi. Kali inaacha uso unaoteleza.

Kutunza ni kadhia nyingine. Niliwahi kuacha kinoo cha nyuso mbili, 1000 na 6000, ndani ya ndoo nikaenda kwetu kwa sikukuu. Niliporudi baada ya wiki tatu gundi ilikuwa imeachia, vipande viwili vimelala chini kila kimoja na maisha yake, na viluwiluwi vya mbu vimejaa ndooni. Siku hizi nikimaliza nakitoa, nakisimamisha kwa ubavu kivulini, penye upepo. Juani kinaweza kupasuka kwa kukauka ghafla. Patasi nayo naifuta ikauke, kisha kitambaa chenye mafuta kidogo. Kwa hewa yetu ya pwani, usiku mmoja wa uvivu unatosha kuleta kutu.

Na mafuta yaishie hapo hapo kwenye patasi. Kijana wangu wa karakana, aliyezoea mawe ya mafuta, siku moja alikuta kinoo kimekauka akakimiminia oili chafu, ile tunayopaka nguzo dhidi ya mchwa. Ilizama yote. Tulijaribu sabuni, tukajaribu maji ya moto, wapi. Kinoo hicho bado tunacho, ndicho kinachozuia mlango usijipige upepo ukivuma.