Kopa ya mzee na vinundu vya nyanya

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Kibosho, nimerithi kihamba cha mzee. Mzee alipiga mrututu (ile dawa ya kopa) kwenye kahawa toka miaka ya 70 mpaka mgongo ukamshinda, pampu ipo stoo imegeuka kijani. Upande wa chini niling'oa mibuni nikaweka nyanya, sasa ukiing'oa mizizi imejaa vinundu kama karanga. Jirani anasema kopa inaua minyoo nimwage nyingi kwenye mashimo. Shemeji yangu anasema kwa kopa iliyomo humo minyoo ingekuwa imeshaisha zamani. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili wameshika nusu.

Hivyo vinundu ni kazi ya minyoo fundo, hilo halina ubishi. Ila humo udongoni kuna minyoo ya kila namna, mingi haifiki hata milimita 1, na iliyo mingi haina habari na nyanya zako. Kuna inayokula bakteria, inayokula ukungu, na ipo mikubwa kidogo inayokula minyoo wenzake, yaani hao ndio paka wa shamba. Sasa kopa ni metali, haiozi wala haiyeyuki ikaisha kama dawa zingine, aliyopiga mzee mwaka 1975 ilidondoka kwenye majani ikashuka chini na sehemu kubwa bado iko pale kwenye udongo wa juu.

Na kopa haiui kwa usawa. Mwaka 1990 mtaalamu wa Uholanzi, Tom Bongers, aliipanga minyoo hii kwa alama 1 mpaka 5. Alama 1 ni ile inayozaana haraka haraka, ukimwaga samadi tu inafumuka, na inavumilia uchafu. Alama 5 ni mikubwa, inaishi muda mrefu, inazaa kidogo, na ngozi yake inapitisha sumu kirahisi. Metali zikizidi hiyo ndio inatangulia kufa, na humo ndio wamo wengi wa paka wetu! Minyoo fundo yenyewe jike limejichimbia ndani ya mzizi linakula kwa raha zake, kopa ya nje itamfikiaje? Kwa hiyo ukimwaga zaidi unafukuza paka ukitegemea panya wahame.

Kitu ambacho watu hawakiangalii ni uchachu wa udongo. Huko huko Uholanzi, Wageningen, mwaka 1982 waliweka kopa kwenye vipande vya shamba, vingine sifuri vingine mpaka kilo 750 kwa hekta, na pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi) wakaitofautisha kuanzia 4.0 mpaka 6.1. Miaka 10 baadaye wakahesabu minyoo. Kopa ile ile, kwenye udongo wenye uchachu iliumiza zaidi. Sasa wewe kama umekuwa ukitia mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kila msimu ujue unaongeza uchachu na kopa ya marehemu unaiamsha.

Kwahiyo usimwage kitu kwanza. Chukua udongo wa juu, sentimita 20 hivi, sehemu kadhaa, uchanganye upeleke TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo wakupimie pH na kopa. pH ikionekana chini ya 5.5 tia chokaa ya kilimo, na samadi iliyooza vizuri, hiyo inaishika kopa isizurure. Kahawa iliyobaki juu ikizeeka badilisha uweke aina chotara zinazostahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, upumzike na pampu.

Kwa nyanya, msimu ujao ukinunua mbegu soma pakiti, tafuta herufi N kwenye orodha ya magonjwa inayostahimili, hiyo ni ya minyoo fundo. Na hiyo mizizi yenye vinundu usiiache shambani wala usiitupe kwenye mboji (wengi ndio mnakosea hapo), ichome.