Mnyororo mlangoni haumaanishi nyumba ya watumwa

Mnyororo uliochongwa kwenye miimo ya milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar, hauthibitishi kwamba watumwa walifungiwa ndani ya nyumba, ingawa watembeza wageni hupenda kusema hivyo. Wengi huusoma kama alama ya ulinzi wa nyumba. Samaki waliochongwa ni alama ya uzazi na riziki, mtende ni ya neema. Ukitaka kitu cha uhakika, tazama kizingiti cha juu: mara nyingi pana aya ya Kurani, na pengine mwaka. Huo ni wa Hijria, yaani kalenda ya Kiislamu, na watu huukosea kwa kuusoma kama Miladia. Kupata Miladia, zidisha mwaka huo kwa 0.97, kisha ongeza 622. 1306 inaangukia 1888 au 1889. Ila huo ni umri wa mlango. Milango huhamishwa, nyumba yaweza kuwa ya zamani au mpya zaidi.