Kabla ya kutandika lami mpya juu ya ya zamani, chimba kwanza

Mkuu, umeuliza kama sentimita 3 za lami mpya zitatosha kwenye maegesho ya gesti yenu pale Shanty Town, Moshi: mita za mraba 600, lami ya zamani imejaa nyufa. Nakujibu kwa yaliyonikuta Njiro, Arusha, nikisimamia kazi kama hiyo hiyo.

Na sisi tulianza na swali la unene. Tukaziba mashimo, tukatandika, pakapendeza. Masika ya kwanza tu, nyufa zikarudi palepale zilipokuwa, karibu na geti, boza la maji linapokata kona. Tairi likikanyaga, tope la kahawia linaruka kutoka kwenye ufa. Nikachukua mtaimbo nikachimba. Chini nikakuta moramu imelowa hivi kwamba ukiifinya, maji yanachuruzika katikati ya vidole. Yalikuwa yanatoka kwenye bustani ya maua iliyopakana na ukingo, inayomwagiliwa kila jioni. Lami ya juu haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kabla ya kupatana bei na fundi, zisome nyufa zako. Zikiwa ndefu, moja moja, na lami imepauka, huo ni uzee wa jua na hewa, ndio unaoua barabara zisizo na magari mengi. Ziba nyufa, fagia mpaka vumbi liishe, nyunyizia lami ya maji ili tabaka jipya lishikane na la zamani, tandika. Zikiwa zimefungamana kama ngozi ya mamba, chini kumelegea. Kata sehemu hiyo yote, toa udongo uliolowa, jaza kokoto za kusagwa, shindilia. Na maji yazuiwe kwanza, la sivyo utarudia kazi kama sisi.

Sasa unene. Tabaka lisipungue mara tatu ya ukubwa wa kokoto kubwa kwenye mchanganyiko. Kokoto za milimita 14 zinataka milimita 42 baada ya kushindiliwa. Sentimita 3 zako ni za kokoto za milimita 10. Tena tabaka jembamba linapoa upesi, na likishuka chini ya nyuzi 90 hivi, rola linapita bure. Siku ya kazi shika kipimajoto wewe mwenyewe.

Halafu usihesabu magari, angalia lililo zito kuliko yote. Madhara kwa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaoshika magurudumu), yaani uzito unajizidisha wenyewe mara nne: ekseli moja ya tani 8 ya lori la taka inaumiza lami kama ekseli 10,000 za kilo 800 za gari dogo. Mimi ningeweka sentimita 5 kote, na njia ya boza na lori la taka ningeichimba na kuijenga upya hata kama haijapasuka sana.

Pima pia kizingiti cha mlango na mdomo wa mtaro, maana sakafu ya nje itapanda. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita.

Kwa sentimita 5, mita moja ya mraba inakula kama kilo 120 za lami, kwako ni tani 72 hivi. Dai karatasi ya mzani ya kila lori linaloingia, ujumlishe kabla hujalipa.