Kidonda kidogo cha guruneti kinaweza kusubiri?

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mhudumu wa mlangoni katika kanisa moja hapa Mombasa, na kila Jumapili nasimama na askari wetu langoni. Nakumbuka Garissa mwaka 2012: askari wawili waliokuwa wakilinda kanisa la AIC waliuawa, kisha waumini wakarushiwa maguruneti. Mtu akipatwa na vipande lakini anatembea na kidonda chenyewe ni kidogo, anaweza kusubiri wengine watibiwe kwanza?

JIBU: Ndugu yangu, usimpime kwa ukubwa wa kidonda. Guruneti huumiza hasa kwa vipande vya chuma. Kipande kisichozidi punje ya mchele huingia ubavuni kikaacha tundu la kupuuzwa, kumbe ndani kimetoboa pafu au ini. Kata nguo, mgeuze, tazama kwapani, kinenani, mgongoni na kisogoni. Huko ndiko matundu hujificha.

Kuna pia mgandamizo wa hewa. Ndani ya jengo hugonga kuta na kurudi, kwa hiyo aliye ndani huumia kuliko aliye uwanjani kwa umbali uleule. Huenda asiwe na mchubuko hata mmoja, lakini akianza kuhema au kukohoa damu, hata saa kadhaa baadaye, mapafu yamejeruhiwa. Apelekwe hospitali mara moja.

Wa kwanza kabisa, hata hivyo, ni anayevuja damu nyingi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu hufa kwa dakika chache, kabla ambulensi haijatoka kituoni. Kandamiza jeraha kwa kitambaa, ulalie kwa uzito wako wote. Kama ni mkono au mguu na damu haikomi, kunja leso iwe na upana wa vidole vitatu, funga juu ya jeraha upande wa kiwiliwili, si kwenye goti wala kiwiko. Pitisha kijiti kigumu, kizungushe mpaka damu ikome, kisha kifunge kisirudi. Atapiga kelele kwa maumivu, usilegeze. Andika saa uliyofunga. Chuma kilichochomoza usikichomoe, na usimpe chochote kinywani, maana huenda akapasuliwa.

Usikimbilie majeruhi risasi zikiendelea kulia. Na katika kanisa Katoliki la Garissa siku ileile, 1 Julai, guruneti moja halikulipuka. La namna hiyo lihesabu kuwa zima: usiliguse, ondoa watu, waite polisi kwa 999.

Baada ya Garissa, viongozi wa Kiislamu walikubaliana vijana wao wasaidie kulinda makanisa. Uamuzi ule naupenda mno, na natamani vijana wa misikiti na makanisa wajifunze pamoja kuzuia damu. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza. Mkishajifunza, mfuko wa leso, vijiti, mkasi na glavu ukae langoni karibu na askari, usifungiwe ofisini.