Mchwa, mende na mafuta ya gari
Ndugu uliyeuliza mchwa waliokumalizia mlango huko Kasarani wanahusiana vipi na mafuta ya gari: jibu limo tumboni mwao. Vijidudu vya humo huvunja selulosi (nyuzi zinazoujenga mti) iwe sukari, na sukari ukiichachusha kwa hamira unapata ethanoli, kileo kinachoweza kuendesha gari. Kinachosumbua viwanda vinavyotaka kutengeneza ethanoli kwa miti ni lignini, ile gundi ngumu ya mti.

Na kama uliuliza pia iwapo wana undugu na mende: ndiyo, mchwa ni ukoo wa mende (utafiti wa vinasaba wa 2007 ulitia nguvu jambo hilo), si wa siafu. Mchwa wa koo za kale wakijivua gamba hupoteza vijidudu hivyo, lazima walishwe upya na wenzao. Wanasayansi wengi wanadhani mchwa kuishi pamoja kulianzia hapo. Wetu wa vichuguu, hawa wa kumbikumbi, wao hulima kuvu.