Bentonaiti kwenye chakula cha mifugo, inaondoa sumu yote kweli?

SWALI: Habari daktari, nafuga kuku wa mayai na nguruwe, chakula nachanganya mwenyewe. Mahindi niliyonayo mengine yameota ukungu, nikaambiwa weka bentonaiti (aina ya udongo) sumu yote inaisha, mwingine tena anauza udongo anaouita "ulioboreshwa" na bei iko juu. Sasa udongo unatoaje sumu jamani? Na huo mwingine una tofauti gani?

JIBU: Hilo neno "yote" ndo linaloponza wafugaji. Sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na kuvu (ukungu), ziko nyingi na kila moja ina tabia yake. Maarufu zaidi ni aflatoksini, ile iliyoua bata mzinga zaidi ya laki moja kule Uingereza mwaka 1960 kupitia mashudu ya karanga, na dhidi ya sumu hiyo bentonaiti inafanya kazi vizuri sana. Ni madini ya matabaka membamba mno yamelaliana kama kurasa za kitabu, kila tabaka lina chaji hasi na katikati kuna kalsiamu au sodiamu pamoja na maji, sasa molekuli ya aflatoksini ni bapa, inapenya humo katikati inanasa, inatoka na kinyesi badala ya kuingia kwenye damu na kwenda kuharibu ini.

Ila wewe una nguruwe, kwahiyo zearalenoni ndo ikuumize kichwa. Hii inatengenezwa na kuvu wa Fusarium, inajifanya homoni ya kike, majike wadogo wanavimba uke utadhani wako kwenye joto kumbe hamna kitu. Yenyewe haipendi maji, kwahiyo bentonaiti ya kawaida hainasi ya maana. Hapo ndo wataalam wanaubadilisha udongo, wanatoa ile sodiamu wanaweka molekuli ndefu za kikaboni zenye chaji chanya na mkia wa mafuta, udongo unaacha kupenda maji na zearalenoni inashikwa. Kwahiyo "ulioboreshwa" sio uongo, lakini muulize muuzaji umeboreshwa kwa kitu gani, mana baadhi ya hizo molekuli nazo zina madhara zikiachia tumboni. Omba na majibu ya maabara yanayoonyesha ni sumu ipi inanaswa, na sio kwenye asidi ya tumbo tu, sababu fumonisini, sumukuvu nyingine, kwa mfano inaweza kushikwa vizuri kwenye asidi alafu ikifika utumbo mdogo inaachiwa. Akishindwa kujibu mimi nisingenunua. Na ile inayofanya nguruwe wagome kula na kutapika, deoksinivalenoli, udongo karibu hauigusi kabisa.

Kipimo fuata cha kwenye mfuko. Umoja wa Ulaya uliweka mwisho gramu 20 kwa kilo ya chakula, ukizidisha unawashibisha udongo. Kama unawapa tailosini au antibayotiki za kundi lake kwa mdomo usiweke bentonaiti wakati huohuo, inaweza kuishika dawa.

Mahindi yenye ukungu unaoonekana toa, usiwape. Udongo hauui kuvu, na yaliyobaki kausha mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 13 hivi ndo uhifadhi.

Alafu tafadhali usiende kuchimba udongo wako mwenyewe uwape. Mwaka 1997 Marekani kuku na kambare walikutwa na dayoksini (kemikali yenye sumu), kufuatilia ikaonekana imetoka kwenye udongo wa asili uliochanganywa kwenye chakula chao.